Barua ya wazi kwa wakuu wa televisheni za umma Afrika Mashariki: tupeni orodha ya kanda za muziki

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi Wakuu,
Vituo vya Televisheni vya Umma,
Afrika Mashariki.

YAH: MAONYESHO YA MUZIKI YALIYORUSHWA ZAMANI NA KANDA TUSIZOJUA ZILIKO

Waheshimiwa,

Awali ya yote nawasalimu kwa heshima. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja kwa kuwa nataka majibu na si ugomvi, nilikipelekea barua kwa mkono. Nakala yangu ikagongwa muhuri wa masjala, nikaambiwa nisubiri. Nilipofuatilia, majibu yakawa yanabadilika kwa ghorofa. Chini, mapokezi, niliambiwa kanda za zamani zipo ila mhusika yuko likizo. Ghorofa ya kati nikaambiwa, "Zilifutwa zote enzi hizo mzee wangu, usijisumbue." Juu kabisa, kwa katibu muhtasi, nikajulishwa kwamba ni mali ya ofisi na habari zake hazitolewi kwa mtu binafsi. Sasa kanda haiwezi kuwa ipo, imefutwa na ni siri, yote kwa mpigo. Niliomba jibu moja kwa maandishi. Halijaja.

Wenzangu waliojaribu kwingine, nchi nyingine, wana hadithi zinazofanana na yangu, na hiyo ndiyo sababu barua hii naielekeza kwenu nyote kwa pamoja. Ninaposema wenzangu nina maana ya watazamaji wa zamani, wengi tukiwa tumeshapita miaka 60, walioko Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Kampala, na mmoja wawili walioishia Muscat. Tumekuwa tukiulizana kwa simu na kwa barua: unakumbuka bendi ile? Nani alikuwa anapiga solo? Ilikuwa mwaka gani? Tunakumbushana, tunabishana, na kila ubishi unaishia pale pale, kwamba mwenye kuumaliza ni ninyi.

Kwa wasaidizi wenu walio vijana, nieleze kidogo. Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka uliofuata. Zanzibar ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ikaanza moja kwa moja na rangi, wakati nchi karibu zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe au hazina kabisa. Bara sisi hatukuwa na kitu. Serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa ya watu wachache wa mjini, na hadi vituo binafsi vilipofunguliwa mwaka 1994, mtu wa Dar aliyekuwa na seti alitazama Unguja. Antena ilifungwa kwenye mwanzi mrefu nyuma ya nyumba, mmoja akawa nje anauzungusha, wa ndani wanapiga kelele, "Hapo hapo! Aa, umepitiliza!" Chenga zikitulia kidogo, mtaa mzima umeshajaa sebuleni na wengine wako dirishani. Wala sidai haki ya mlipa ada. Tulikuwa wazamiaji tu wa mawimbi ya jirani, lakini tulitazama kwa makini kuliko wenye televisheni wa leo.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Hatujui kilichopotea, na tunaanza kuamini kuwa nanyi hamjui.

Neno "zimepotea" mnalitumia kwa mambo matatu tofauti. Kuna maonyesho yaliyorushwa mubashara bila kurekodiwa. Hayo hatuyadai kwa mtu, aliyeona ameona. Kuna yaliyorekodiwa kwenye kanda, kisha kanda ikarekodiwa kitu kingine juu yake. Hilo tunalielewa vizuri. Kanda za inchi mbili za wakati ule zilinunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na bwana wa stoo aliyeambiwa achague kati ya hotuba ya kiongozi wiki ijayo na bendi ya wiki iliyopita hakuwa na uchaguzi. Na kuna yale yaliyopigwa kwa filamu ya milimita 16, ambayo haifutiki ikatumika tena. Haya ndiyo yanayotuumiza kichwa, kwa sababu huenda yapo hadi leo ndani ya makopo yaliyoandikwa "Habari" au "Sherehe za Taifa". Bendi ikipiga uwanjani siku ya Mapinduzi au Jamhuri, mpiga picha wa habari alikuwepo. Nani amefungua makopo hayo akatazama kilichomo baada ya hotuba?

Mwenzenu mkubwa, BBC, naye alifuta. Kipindi chake cha muziki, Top of the Pops, kilianza tarehe 1 Januari 1964, na matoleo mengi ya miaka yake ya mwanzo hayapo, pamoja na lile la 16 Juni 1966 ambalo The Beatles walifika wenyewe studio. Tofauti ni kwamba karatasi za kila kilichorushwa zilibaki. Ziko kwenye hifadhi yao ya nyaraka pale Caversham, zikionyesha nani aliimba nini, siku gani. Wanajua walichopoteza kwa jina na tarehe. Kwa hiyo mwaka 2019, kilipotokea kipande cha sekunde 11 hivi ambacho familia moja ya Liverpool ilikipiga kwa kamera ya filamu ya nyumbani ikielekezwa kwenye kioo cha runinga, watu walijua mara moja wanatazama nini. Na mwaka 2011 fundi wa kamera, John Henshall, aliibuka na nakala aliyojitunzia ya David Bowie akipiga kwenye kipindi hicho hicho Januari 1973. Miaka yote hiyo iliaminika haipo.

Nawauliza kwa heshima: mafundi wenu waliostaafu, mmewahi kuwaita hata kwa chai?

2. Kumbukumbu zetu mnazichukulia kama porojo za wazee.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, mniwie radhi. Kuna usiku wa Idi ambao kikundi cha taarab kilipiga studio Unguja. Mama mmoja, wakati huo msichana wa shule, aliutazama kwenye seti ya pamoja iliyowekwa ukumbini kijijini kwao, na anasema wapiga fidla walivaa makoti mekundu. Mzee mmoja wa Kariakoo anaapa yalikuwa ya kijani. Tulimwuliza runinga yao ilikuwa ya aina gani, akasema ile ya mbao yenye milango na kufuli, nyeusi na nyeupe. Bado hataki kuyaacha makoti yake ya kijani.

Mngeishia hapo mngecheka na mngekuwa na haki. Lakini wote wawili, na mtu wa tatu wa Bagamoyo asiyewafahamu, wanasimulia jambo jingine bila kuulizwa: katikati ya wimbo, stendi ya karatasi za muziki mbele ya mpiga akodiani ilianguka. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, hakusita hata kidogo, aliendelea peke yake. Kamera ikahama haraka na kuganda kwenye chombo cha maua ya plastiki, ikakaa hapo hadi stendi iliposimamishwa, na sauti ya mtu asiyeonekana ikasikika ikisema "tayari". Watu watatu hawawezi kuota maua ya plastiki ya aina moja.

Sasa tazameni tunavyoweza kwenda mbali zaidi. Mzee wa Kariakoo anakumbuka ilikuwa Idi ya Mfunguo Mosi, yaani ya baada ya Ramadhani, na kwamba mvua za vuli ndiyo kwanza zimeanza, maana mwanawe alikataa kwenda nje kushika antena. Idi hiyo iliangukia Oktoba mwaka 1973, 1974 na 1975. Mwaka 1976 ilikuwa imesharudi Septemba. Kwa hiyo sisi, bila karatasi hata moja, tumebakiwa na jioni zisizozidi tatu. Mwenye daftari la zamu la studio angetaja ni ipi kabla chai haijapoa, na mwenye hati za malipo ya wasanii angetupa majina ya wapigaji wote, pamoja na huyo wa kanuni ambaye tunabishana juu yake hadi leo.

Kumbukumbu bila nyaraka ni ubishi, nakubali. Lakini nyaraka zenu nazo zina mapengo ambayo ni sisi tu tunaoweza kuyaziba, na sisi tunaondoka. Katika kundi letu tumeshazika.

3. Wanamuziki wa Bara hawana pengine pa kuonekana isipokuwa kwenye rafu zenu.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz kisha Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Televisheni ya kwanza Tanzania Bara ilikuja 1994. Fanyeni hesabu. Sauti zao tunazo, kwenye santuri na kwenye kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Picha zao za mnato tunazo chache, zile zile zinazozunguka. Lakini mtu anayetaka kuona vidole vya Mbaraka vikitembea kwenye gitaa atamwona wapi? Kama kamera ya televisheni iliwahi kuelekezwa kwake akiwa ziarani, ilikuwa kamera ya jirani. Mwaka 1970 alikwenda hadi Japani kwenye maonyesho ya Osaka, na kurekodi alirekodi Nairobi.

Na si yeye peke yake. Ndugu wa Tanga walioanzisha Simba Wanyika walihamia Nairobi mwaka 1971. Bendi ya Super Mazembe kutoka Kongo nao waliweka makazi pale katikati ya muongo huo, na mwimbaji Samba Mapangala akafuata. Nairobi ilikuwa na studio, na kampuni za santuri, na televisheni. Muziki wa nusu ya Afrika Mashariki na Kati ulipita mbele ya milango yenu, na huenda mwingine uliingia ndani. Historia ya nchi moja imelala kwenye stoo ya nchi nyingine. Mtafiti wa Dar hawezi hata kuomba ruhusa ya kutazama kitu ambacho hajui kama kipo.

4. Muda umeisha.

UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku na wakautaja mwaka 2025 kuwa ndio ukomo: baada ya hapo mashine za kuzichezea na mafundi wake watakuwa adimu kiasi kwamba kuziokoa kutakuwa ghali mno au kutashindikana. Pwani yetu na unyevu wake haihitaji maelezo. Kiyoyozi kikizimwa miezi kadhaa "kubana matumizi", gundi inayoshikilia unga wa sumaku inafyonza maji, kanda inanata, na ikitiwa kwenye mashine inajibandua na picha yake.

Najua mtakayosema.

Mtasema fedha hakuna. Hatujaomba bado kanda hata moja igeuzwe kuwa ya dijitali. Orodha inahitaji mtumishi mmoja, tochi, barakoa ya vumbi na daftari. Ikishakuwepo, wafadhili wa kuokoa kanda wanapatikana, na hakuna mfadhili anayetoa fedha kuokoa "vitu vya zamani vilivyoko stoo".

Mtasema mashine za kanda za inchi mbili zimekufa zote. Sawa. Lebo iliyoandikwa kwa kalamu ubavuni mwa boksi inasomeka bila mashine.

Mtasema hakimiliki. Hapa niwe mkali kidogo, kwa kuwa hoja hii huletwa na watu ambao hawajawahi kumtafuta mwanamuziki mmoja wamlipe. Kuorodhesha si kurusha, na hakuna sheria ya hakimiliki inayokataza kusema "tunacho". Tena kwa sheria ya Kenya, ulinzi wa tangazo lenyewe ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka liliporushwa. Kwa hiyo haki ya kituo juu ya yaliyorushwa 1970 imeshakwisha, ingawa haki ya mtunzi wa wimbo inaendelea. Hao watunzi na warithi wao wanajulikana waliko, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na wenzao wa nchi nyingine wapo wa kuulizwa. Nimekaa na mjane wa mpiga besi mmoja. Hakuniuliza kuhusu fedha. Aliniuliza kama kuna mahali wajukuu wanaweza kumwona babu yao akicheka, kwa maana picha zote alizonazo amenuna.

Mtasema pia kwamba mmeshaanza, kwamba vipande vya zamani vinapakiwa YouTube. Tumeviona na tunashukuru kwa dhati. Lakini kipande kinachopandishwa bila tarehe, bila jina la bendi, kikiwa na nembo kubwa ya kituo juu ya uso wa mwimbaji, kinatuongezea maswali. Chini yake utakuta wazee wameandika majina ya wapigaji wote, na hakuna mtumishi wenu aliyeyanakili popote.

Tunaomba mambo yafuatayo.

(a) Kila kituo kitoe hadharani orodha ya kanda na filamu zote za muziki zilizorekodiwa kabla ya mwaka 1990, pamoja na makopo ya habari na sherehe. Orodha iwe na sehemu tatu: zilizopo, zilizofutwa, na zisizojulikana. Hiyo ya tatu hata ikiwa ndefu kuliko zote, iandikwe hivyo hivyo.

(b) Hadi orodha itoke, isitupwe kanda hata moja, isichomwe, wala stoo isihamishwe kwa lori la wazi kama ilivyowahi kuonekana na mmoja wetu mahali fulani.

(c) Madaftari ya zamu, ratiba za vipindi na hati za malipo ya wasanii ya miaka hiyo yafunguliwe kwa watafiti. Haya hayahitaji mashine.

(d) Mtangaze kwamba mtu mwenye kanda ya VHS aliyorekodi nyumbani kutoka kwenye matangazo yenu anaweza kuileta ikanakiliwa na kurudishiwa, bila kuulizwa alipata ruhusa kwa nani. Kanda hizi zipo. Binamu yangu wa Muscat ana sanduku lake chini ya kitanda, taarab tupu, zilizokuwa zikipelekwa na wasafiri katika miaka ya 1980 pamoja na karafuu na achari. Hathubutu kuzitoa kwa kuogopa kuitwa mwizi wa mali ya serikali. Zikifa kanda zake, pengine hakuna nyingine.

(e) Mafundi, watangazaji na wapiga picha wastaafu waitwe, wahojiwe na warekodiwe. Wakiulizwa kwa upole, na kwa maandishi kwamba hawatashitakiwa, baadhi yao watakumbuka kuwa kuna kitu walikichukua nyumbani "kisiharibike".

Kuhusu muda: tarehe 27 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Urithi wa Sauti na Picha, iliyowekwa kukumbuka pendekezo la UNESCO la mwaka 1980 lililozitaka nchi wanachama zihifadhi picha zinazotembea, za televisheni zikiwemo. Tunaomba sehemu ya kwanza ya orodha, hata kurasa mbili, itoke ifikapo tarehe hiyo. Kituo kitakachoona hakiwezi kiseme hakiwezi, na kitaje sababu moja, isiwe tatu.

Sisi kwa upande wetu tuko tayari kuja kukaa na watumishi wenu, kuwasomea lebo zilizofifia na kutambua sura. Nauli tutajilipia. Mzee wa Kariakoo ameomba awe wa kwanza kuingia stoo, kwa sababu ya yale makoti.

Wenu mtiifu,
Mtazamaji wa zamani, kwa niaba ya wenzake,
Dar es Salaam.

Nakala:
Wizara zinazohusika na habari na utamaduni, Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na Uganda
Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA)
Masjala ya kituo kilichokwisha kuipokea barua ya kwanza